Mashine pepe nyumbani: laptop ya mtumba inavyopiga hesabu za CERN, na zako mwenyewe

mwashi_wa_chembe (mleta mada)

Wakuu, salaam za wikiendi.

Uzi huu unamhusu mwenye kompyuta ya nyumbani, hata iwe ya mtumba, anayetaka kuendesha programu za kisayansi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya Windows. Mfano wangu ni LHC@home, mradi wa CERN, lile shirika la Ulaya la utafiti wa fizikia ya chembe kule Geneva, kwa sababu ndio ninaoushughulikia kila siku. Mwenye kazi yake ya chuo au utafiti asikimbie, sehemu kubwa ya mambo ni yale yale.

Historia fupi. CERN wana lile duara la chini ya ardhi la kilomita 27, linaitwa LHC, wanamogonganisha protoni. LHC@home ilianza 2004, shirika lilipotimiza miaka 50. Programu ya kwanza iliitwa SixTrack: inachukua chembe chache, inazizungusha kwenye duara la kihesabu hadi mizunguko milioni moja, kuona kama zitabaki njiani au zitapotea zikagonge ukuta. SixTrack ni programu ndogo, inakwenda Windows, Linux na Mac bila kusumbua mtu. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayowaka ndani ya kompyuta yako, haikuhitajika kabisa.

Ugumu ulikuja walipotaka kuwagawia watu wa majumbani kazi za wanafizikia wenyewe. Programu hizo, kina Pythia, Herwig na Sherpa zinazotunga migongano ya chembe, pamoja na zile za jaribio la ATLAS, zimekua kwa miaka mingi ndani ya Linux ya aina moja, zikitegemea maktaba za matoleo maalumu. ATLAS peke yake ni mamilioni ya mistari ya kodi. Ukisema uiandike upya iende kwenye kila Windows na kila Linux iliyopo mitaani, utazeeka hujamaliza, na hata ukimaliza nani atakuhakikishia kuwa namba zinazotoka ni zile zile? Ndiyo maana mwaka 2011 wakaja na Test4Theory kwa mtindo mwingine: programu iachwe ilivyo, isafirishwe pamoja na nyumba yake. BOINC, ile programu inayogawa kazi kwa kompyuta za watu, inashusha kwako diski ya Linux, VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, inaiwasha ndani ya Windows yako, kazi inafanyika humo, jibu linarudi Geneva, mashine inafutwa. Windows yako haijui hata protoni ni kitu gani.

Kuna ufundi mmoja humo ambao mimi huupenda kuliko yote. Diski ile haijabeba programu zote, ingekuwa kubwa kupita kiasi. Ndani yake kuna mfumo wa mafaili unaoitwa CVMFS. Mashine pepe inaona folda yenye kila toleo la kila programu, lakini faili halishuki mpaka liguswe. Kazi ikiita Pythia ya toleo fulani, yanavutwa mafaili ya toleo hilo tu, kwa HTTP ya kawaida kama unavyofungua tovuti, kisha yanakaa kwenye akiba. Hapo ndipo bando lako linapoliwa, kwa hiyo usidhani ukishashusha ile diski ya mwanzo (mamia kadhaa ya megabaiti kwa Theory, ndiyo ile Test4Theory) umemaliza.

Mahitaji: prosesa ya biti 64 yenye VT-x kama ni Intel au AMD-V kama ni AMD, yaani uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe. RAM ya GB 8 inatosha kwa kazi za Theory, kila moja hula chini ya GB moja. ATLAS ni mnyama mwingine, huanzia kama GB 4 kwa kazi moja, na kila kazi inashusha na kupandisha mamia ya megabaiti. Mwenye bando la wiki asiiguse. Ingia kwenye akaunti yako ya mradi, sehemu ya mapendeleo, ondoa tiki ATLAS na CMS (jaribio jingine la LHC), bakiza Theory.

Kuhusu VT-x: fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, tazama chini mstari wa Virtualization. Ikiandika Disabled, zima, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), iwashe. Halafu kuna jambo linalowatesa wengi. BOINC ikishawahi kukuta VT-x imezimwa, inaandika kwenye daftari lake na haiulizi tena. Utaiwasha kwenye BIOS, utarudi, na bado hupewi kazi. Funga BOINC kabisa, fungua faili la client_state.xml kwenye folda ya data, tafuta mstari wenye p_vm_extensions_disabled, ufute, hifadhi, washa upya. Kuna watu wamekata tamaa na laptop nzima kwa sababu ya mstari mmoja.

Mengine kwa haraka. Wakati wa kusakinisha usiiweke BOINC kama huduma ya Windows, kazi za VirtualBox hazitaenda. Kwenye mipangilio weka tiki pale pa kuacha kazi ndani ya kumbukumbu zinaposimamishwa. Usipoweka, kila unapofungua kazi nzito BOINC inasimamisha mashine pepe na kumwaga RAM yake yote kwenye diski, na kama diski yako ni ile ya kuzunguka utaisikia inavyolia. Na ukitaka kompyuta ipumue, punguza idadi ya viini vya prosesa, usipunguze asilimia ya muda. Asilimia ya muda inasimamisha na kuwasha mashine pepe kila baada ya sekunde chache, na mashine pepe hazipendi kuchezewa hivyo.

Maswali leteni.

mzee_wa_luku

Mkuu, uzi umeshiba. Swali moja tu: wanalipa shilingi ngapi?

mwashi_wa_chembe

Hawalipi. Kuna pointi unahesabiwa, haziwezi kununua hata vocha ya jero.

mzee_wa_luku

Nilijua. Sasa ngoja nikupigie hesabu ambayo hujaiweka.

Laptop ikichapa kazi viini vyote, tuseme wati 45. Mara saa 24, mara siku 30, ni yuniti 32 na ushee. Mimi niko kwenye lile kundi la matumizi madogo, yuniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa yuniti kabla ya makato, kwa bei zile zilizotangazwa 2016. Friji dogo, taa, TV na feni, nacheza kwenye 60. Nikiongeza mtambo wako nafika 92. Zile 17 za juu naziona kwa shilingi 350 kila moja. Halafu nikikaa hivyo nahamishwa kundi, nakwenda kula 292 kwa kila yuniti toka ile ya kwanza, juu yake VAT na yale makato mengine, inagonga kama 356. Yaani kutoka elfu saba na kitu kwa mwezi mpaka elfu thelathini na mbili na kitu, ili Mzungu ajue protoni yake imeelekea wapi.

Hapo sijagusa bando.

kijiko_moto

😂😂😂 Mzee kaja na kikokotoo. Nimeweka kiti hapa.

mwashi_wa_chembe

Mzee, hesabu yako iko sawa na nashukuru umeileta, iwe mbele ya kila anayesoma. Aliye kwenye kundi la yuniti 75 asiendeshe saa 24, nukta.

Ila hakuna anayekulazimisha saa 24. BOINC ina ratiba: unaiambia ifanye kazi saa fulani mpaka saa fulani. Ukiipa saa sita kwa siku kwa wati hizo hizo 45 ni yuniti 8 kwa mwezi. Ukiipa viini viwili badala ya vinne zinapungua tena. Na kompyuta ambayo ingekuwa imewashwa hata hivyo kwa kazi zako, ulichoongeza ni ile tofauti tu kati ya kukaa bure na kuchapa kazi. Kazi haipotei ukifunga, mashine pepe inahifadhi hali yake na kesho inaendelea pale pale. Sharti ni moja: funga BOINC kwanza, isubiri imalize kuhifadhi, ndipo uzime Windows. Ukizima kwa pupa unaweza kukuta maandishi ya kusema kazi imeahirishwa kwa sababu mashine pepe haitawaliki, na mara nyingi ndiyo kwaheri ya kazi hiyo.

kijiko_moto

Mimi wasiwasi wangu ni tofauti. Unaruhusu mtu wa mbali aendeshe kitu ndani ya kompyuta yako usichokiona. Nitajuaje siyo kuchimba sarafu za mtu?

fundi_vipuri

Swali zuri, nalijibu kwa sababu kitu chenyewe kinaonekana kwa macho.

Sakinisha na ile nyongeza ya VirtualBox inayoitwa Extension Pack. Ukishaiweka, chagua kazi ya Theory ndani ya BOINC na pembeni utaona kitufe cha kufungua skrini ya mashine pepe. Litatokea dirisha jeusi. Bonyeza Alt na F2, unaona kazi yenyewe ikiandika. Alt na F3 inakuonyesha programu gani inakula prosesa. Juu kabisa ya kumbukumbu ya kazi (log) kuna mstari wenye neno boinc, halafu mfano: pp jets 7000, mbele yake pythia8 na namba ya toleo. Soma hivi: pp ni protoni kwa protoni. Jets ni aina ya matukio yanayotafutwa, michirizi ya chembe inayoruka kwa pamoja. 7000 ni nishati ya mgongano kwa GeV, yaani TeV 7, ile ambayo LHC ilianza nayo 2010. Pythia8 ndiyo programu inayotunga migongano. Chini yake utaona idadi ya matukio yaliyokwisha kuchakatwa ikipanda taratibu.

Kazi yake ni kutunga migongano kwa bahati nasibu yenye kanuni, maelfu kwa maelfu, kufuata nadharia inavyosema. Kisha programu nyingine, Rivet, inachuja matukio hayo kwa vipimo vile vile vilivyotumika kwenye jaribio halisi, na grafu zinapelekwa kwenye tovuti yao ya MCPlots, nadharia na data halisi zikiwa kwenye mchoro mmoja. Siyo LHC tu, hata data za LEP, mashine iliyotangulia kwenye handaki hilo hilo, na za Tevatron ya Marekani zimo. Ukitaka kuhakikisha si sarafu, fungua tovuti hiyo uone grafu zenyewe, iko wazi kwa wote.

Na usalama: mashine pepe kwa umbile lake imetengwa. Kilichomo ndani hakifungui folda zako usipokipa njia. Kwa kweli ningeogopa zaidi programu za bure za kukata video ambazo watu humu wanasakinisha bila kusoma.

limuru_ndani

Wadau hamjambo, mimi niko Nakuru. Nimefuata maagizo yote hadi pale kwa BIOS, nikabonyeza F1, mashine ikaniitisha nenosiri. Nilinunua hii ThinkPad kwa duka fulani hapa mjini, ikitoka ofisi za ng'ambo. Mwenye duka anasema yeye hajui nenosiri lolote na hajawahi kuona. Jamaa wa simu hapa chini anasema niitoe betri ndogo ya ubao mama itajifuta. Nifanye hivyo?

fundi_vipuri

Usifanye kaka, utapoteza saa na screw. Kwenye ThinkPad nenosiri la msimamizi halikai kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na ile betri ndogo, liko kwenye chipu yake peke yake juu ya ubao mama. Ukitoa betri utafuta saa na tarehe, nenosiri utalikuta limekaa linakungoja. Kuna mafundi wanaoweza kuisoma au kuiandika upya chipu hiyo kwa kifaa maalumu, ila uwe unamwamini mkono wake.

Kabla ya hayo, umeangalia Task Manager? Mashine nyingi za ofisi zinatoka VT-x ikiwa imeshawashwa na watu wa IT wa huko. Huenda huna haja ya kuingia BIOS kabisa.

Na kwa wengine wanaoenda kununua: pale pale dukani, kabla ya kutoa hela, waambie waiwashe, bonyeza F1 au F2 au F10, uone kama BIOS inafunguka. Watu wanakagua betri na mikwaruzo, hili hawaligusi.

limuru_ndani

Eh! Imeandika Enabled. Asante fundi. Mwenye duka amepona.

vimelea_na_dawa

Habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, naendesha AutoDock Vina (inakisia molekuli ya dawa inavyojishika kwenye protini) na GROMACS (inaiga mwendo wa molekuli) kwa ajili ya tasnifu, chuo hatuna seva ya kutosha, foleni ni ndefu. Sifanyi ya CERN, nina Ubuntu yangu ndani ya VirtualBox, laptop ya RAM GB 16, nimeipa mashine pepe GB 8 na viini vinne. Tatizo langu ni kasi. Simulizi ya protini ndani ya maji inatambaa. Na kwenye ukingo wa chini wa dirisha la VirtualBox nimeona kijipicha cha kobe wa kijani. Nilidhani ni pambo.

fundi_vipuri

Dada, huyo kobe ndiye mgonjwa wako. Anatokea pale VirtualBox inapokosa kuishika VT-x moja kwa moja kwa sababu Windows yenyewe imeshaishika, yaani Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, iko hai. VirtualBox za zamani zilikuwa zinagoma kabisa, hizi za karibuni zinakubali kupanda mgongoni mwa Hyper-V, ila unaona mwendo wake.

Tafuta nani kaiamsha. Je, umewahi kusakinisha WSL2 (ile Linux ndani ya Windows) au Docker (ya kuendesha programu kwenye kontena)? Kama hapana, nenda Windows Security, usalama wa kifaa, utenganisho wa kiini, uone kama Memory Integrity imewashwa. Matoleo mapya ya Windows 11 huja nayo imewashwa. Ukiizima, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, zima na uwashe. Kobe akiondoka, pale pake utaona herufi V. Ujue tu kuwa Memory Integrity ni ulinzi wa kweli, ukiizima kuwa mwangalifu na unachosakinisha.

vimelea_na_dawa

WSL2 ninayo, niliweka nikaacha. Kwa hiyo nichague moja?

mwashi_wa_chembe

Dada, kwa kazi yako mimi ningekushauri hata uiache VirtualBox. Najua nimefungua uzi wa kuisifia, lakini GROMACS inapenda kadi ya picha, na VirtualBox haiwezi kuipa mashine pepe kadi yako ya picha kwa hesabu. Kama laptop yako ina NVIDIA, WSL2 inaiona na CUDA, njia ya NVIDIA ya kupigia hesabu kwenye kadi ya picha, inafanya kazi. WSL2 nayo ni mashine pepe, isipokuwa Microsoft wameificha vizuri ikaonekana kama dirisha la kawaida. Huna NVIDIA? Basi faida kubwa ya WSL2 inapungua, na ukimwondoa kobe VirtualBox inakutosha.

Kwa Vina haijalishi sana, ile inakula viini vya prosesa tu.

Swali: viini vinne ulivyoipa ni vya kweli au ni nyuzi (threads, kiini kimoja kinapojionyesha kama viwili)? Laptop inayojitangaza nyuzi nane mara nyingi ina viini halisi vinne. Ukiipa mashine pepe nane, Windows yako inabaki inagombania, na simulizi haiongezeki kasi kiasi unachotarajia.

vimelea_na_dawa

Viini halisi sita. NVIDIA sina, ni Intel ya ndani. Nitamwondoa kobe.

Niongeze jambo kwa wenzangu wa biolojia, maana hili lilinikera kuliko kobe. Msisakinishe conda (ile ya kusakinishia programu za kisayansi) ndani ya folda ya pamoja kati ya Windows na Ubuntu. Nilitaka nafasi, nikaielekeza huko, ikawa inafika katikati inagoma kwa makosa yasiyoeleweka. Sababu ni kwamba conda inaunda viungo vya mafaili kwa wingi na folda ya pamoja ya VirtualBox kwa kawaida haivikubali. Weka programu na data ya kazi ndani ya diski ya Ubuntu yenyewe, folda ya pamoja iwe ya kupitishia matokeo tu. Hata kasi ya kusoma mafaili madogo madogo inaongezeka, unaona tofauti kwa macho.

Na diski pepe ukichagua ile inayokua yenyewe, jueni inakua tu. Ukifuta GB 40 za simulizi ndani ya Ubuntu, kule Windows faili la diski linabaki na unene wake mpaka ulibane kwa mkono.

Kabla ya kusasisha chochote nachukua picha ya hali ya mashine. Dereva au maktaba ikiharibika narudi nyuma kwa dakika moja. Msimamizi wangu alipoona hilo alitulia, kwa sababu matokeo ya miezi iliyopita naweza kuyarudia kwenye mazingira yale yale.

mzee_wa_luku

Sasa hiyo ya dada naielewa. Anahangaikia shahada yake na dawa, umeme wake una maana. Hii ya Geneva bado. Mwashi, inatusaidia nini sisi?

vimelea_na_dawa

Mzee, ngoja nimsaidie Mwashi kidogo kwa upande wetu. Mwaka 2006 ulizinduliwa mradi wa Africa@home, CERN na Chuo Kikuu cha Geneva wakiwemo, na programu yake ya kwanza ilikuwa malariacontrol.net ya Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Uswisi, Basel. Ilikuwa BOINC hiyo hiyo, watu wanaiachia kompyuta zao usiku. Zilikuwa zinapiga modeli za malaria inavyosambaa kwenye jamii: ukigawa vyandarua vya dawa hivi, ukichanja watoto hivi, maambukizi yanakwenda vipi miaka inayofuata. Modeli ya aina hiyo ina bahati nasibu ndani yake, inabidi uiendeshe mara nyingi mno kwa thamani tofauti ndipo uilinganishe na data za vijijini. Basel hao ndio waliofungua maabara Ifakara miaka ya 1950, iliyokuja kuwa taasisi ya utafiti tunayoijua leo. Mradi ule wa kompyuta za majumbani ulishafungwa, lakini mbinu ilipita mikono ile ile anayoisifia Mwashi.

Haukuhitaji mashine pepe, modeli yenyewe ilikuwa inakwenda Windows moja kwa moja. Nasema tu kwamba kuazima prosesa za watu si mambo ya protoni peke yake.

mzee_wa_luku

Hiyo ya malaria ningeiwashia hata saa 24. Wamefunga ya malaria wakabakiza ya protoni, na mnataka nifurahi.

mwashi_wa_chembe

Mzee, sikulazimishi, na sitakudanganya kuwa Theory italeta dawa. Ni udadisi. Wanataka kujua kama kanuni walizonazo zinatabiri kweli kinachotoka kwenye mgongano, kwa sababu bila hilo hawawezi kusema jambo jipya limeonekana. Mimi nafundisha fizikia sekondari. Kidato cha sita wakiona dirisha lile jeusi, namba za matukio zikipanda kwenye laptop ya mwalimu wao mezani, na nikiwaonyesha kwenye tovuti grafu ambayo kazi kama hiyo inaingia, maswali wanayouliza hayafanani na yale ya kwenye kitabu. Mmoja aliniuliza kwa nini wanatumia bahati nasibu kama kanuni inajulikana. Tulimaliza kipindi kizima hapo.

Umeme wa hilo nalipa mwenyewe na sijutii. Wewe una friji.

kijiko_moto

"Wewe una friji" 😂 nimeinakili.

Swali la kweli sasa: umeme ukikatika?

mwashi_wa_chembe

Hapo laptop inaipita kompyuta ya mezani. BOINC kwa mpangilio wake wa kawaida inasimama yenyewe inapoona uko kwenye betri. Kwa hiyo umeme ukikatika kazi inaganda, betri inabaki kwa ajili yako, umeme ukirudi inaendelea. Kinachoua ni betri kuisha kabisa huku mashine pepe ikiwa imeganda kwenye RAM. Ukiona giza limezidi, funga BOINC taratibu. Ya mezani bila UPS, sikushauri.

Na vumbi. Laptop inayochapa kazi saa nyingi kwenye joto la Dar inahitaji feni safi. Ikifika nyuzi joto 90 na kitu prosesa inajipunguza kasi yenyewe, unalipia umeme wa mwendo usioupata. Bora viini viwili vyenye baridi.

limuru_ndani

Niko na fibre kwa nyumba kwa hivyo data si shida, ila naona kila kazi ikianza mashine pepe inawaka upya na kuvuta mafaili tena. Nikiendesha nne zinavuta mara nne. Si ni hasara?

fundi_vipuri

Uko sahihi. Akiba ya kila mashine pepe ni ya kwake, na kazi ikiisha inafutwa nayo. Wenye kompyuta kadhaa husakinisha Squid kwenye moja, ile programu ya kuhifadhi nakala za kurasa, kisha kwenye BOINC wanaweka anwani yake kama proksi ya HTTP. Mafaili ya CVMFS yanapita kwa HTTP ya kawaida, kwa hiyo Squid inayashika mara moja na kuyagawa kwa wote. Kwa fibre ni hiari. Kwa wa bando ndiyo tofauti ya kuendelea au kuacha.

Ukiwa na Linux kamili kwenye mashine, unaweza kuachana na VirtualBox kabisa: unasakinisha CVMFS moja kwa moja, kazi za Theory zinakwenda ndani ya kontena, RAM unayookoa ni ya maana na akiba inabaki kazi hadi kazi. Ila hapo tumetoka nje ya mada, ifungulieni uzi wake.

limuru_ndani

La mwisho. Nina kazi moja imefika asilimia karibu mia, muda uliobaki hausogei, imekaa hivyo tangu jana. Niifute?

fundi_vipuri

Usiamini asilimia za BOINC kwa kazi za mashine pepe, inakisia tu kwa muda uliopita. Fungua ile skrini, Alt na F2, tazama mstari wa juu. Ni sherpa?

limuru_ndani

Ndio, sherpa. Idadi ya matukio inapanda, ila polepole.

mwashi_wa_chembe

Inapanda? Iache. Sherpa huchukua muda mrefu kuandaa hesabu kabla ya kuanza kutunga matukio, na baadhi ya kazi zake ni ndefu kuliko za Pythia kwa mbali. Ya kufuta ni ile ambayo unarudi baada ya saa kadhaa unakuta idadi ni ile ile na kumbukumbu imejaa mstari mmoja unaojirudia. Linganisha idadi ya sasa na ya kesho asubuhi.

mzee_wa_luku

Mwashi, hiyo ratiba ya saa iko sehemu gani? Nauliza kwa niaba ya mtoto, yuko kidato cha tano PCM.

mwashi_wa_chembe

Options, kisha Computing preferences, kichupo cha Daily schedules. Mwekee kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne, viini viwili. Kwa wati 30 hivi haifiki yuniti mbili kwa mwezi. ATLAS msiiguse.